Bi Ephrasia, Asiyependa Vilele

Jumamosi tarehe 16 Mei 2026, Bi Ephrasia Kokushubira anaachia uongozi wa safari za Klabu ya Vilele. Ameishika kazi hiyo kwa miaka kumi na saba, ukiondoa msimu mmoja ambao wenzake walipoteza akili. Kwa kazi yake ya mshahara, uuguzi katika hospitali moja ya Minneapolis, alishaagwa mwezi uliopita kwa keki yenye jina lililokosewa.

Kwa wasioijua klabu yetu: Minnesota ni tambarare kama sinia. Mlima mrefu tunaouona ni theluji iliyokokotwa na kurundikwa kwenye maegesho ya magari. Ndiyo maana watu wazima wenye akili zao, Watanzania, Wakenya na Wakongo, hupanda ndege Ijumaa jioni kwenda Arizona, Jumamosi wakakwea milima ya jangwani isiyo na kivuli wala maji, na Jumatatu wakarudi kazini wakichechemea. Bi Ephrasia aliuona upuuzi huo tangu siku ya kwanza, na akausema. Alijiunga, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa sababu wapuuzi nao wanahitaji muuguzi.

Kule hospitalini walidhani kila Mtanzania amepanda Kilimanjaro. Yeye ni mtu wa Bukoba. Kilimanjaro aliupitia mara moja kwa ndege, nao ulikuwa umejifunika mawingu. Fimbo za kutembelea na miwani ya bei mbaya alivitazama kama unavyomtazama mtoto aliyevaa viatu vya babake. Mwanachama mmoja alikuja na saa inayomwambia moyo wake unavyopiga. Bi Ephrasia alimshika mkono, akahesabu mapigo, akamshauri auze saa anunue maji.

Safari ya kusimuliwa ni ile ya Machi 2019. Tulikuwa tumekaribia kilele, jua limepamba moto, pale Maureen, mwanafunzi wa chuo aliyekuja kwa mara ya kwanza, alipoacha kutoka jasho na kuanza kusema maneno yasiyoungana. Bi Ephrasia alisimamisha msafara na kutangaza kwamba wote wanashuka. Allan, Mkenya wa Fridley mwenye miguu mirefu na subira fupi, hakukubali.

"Mama, tumedrive asubuhi yote," alisema. "Kilele ni hapo tu."

"Kilele kitakuwepo kesho," Bi Ephrasia akamjibu. "Huyu binti sina hakika."

Allan akaenda zake na wengine watatu. Bi Ephrasia alimlaza Maureen kwenye kivuli cha jabali, akamlowesha kwa maji yake ya kunywa, kisha Sosthène, baba wa Kikongo mwenye mabega ya kubebea magunia, akamshusha mgongoni hadi garini. Daktari wa mji wa karibu alisema wangechelewa kidogo tu wangempoteza. Jioni Allan alirudi na picha ya kileleni. Ilipata pongezi nyingi mtandaoni, maana mtandaoni hakuna anayepigwa na jua.

Kwenye mkutano wa Aprili, katika ukumbi wa kanisa kule Oakdale, Minnesota, Allan alieleza kwa ufasaha kwamba Bi Ephrasia anaturudisha nyuma, na kwamba klabu ya vilele isiyofika vileleni ni kichekesho. Kura zikapigwa. Wengi walinyoosha mikono kumwondoa, wakiwamo waliowahi kunywa maji yake jangwani. Maureen alilia. Bi Ephrasia alivaa koti, akatukumbusha kuzima taa, akaenda zamu.

Novemba ya mwaka ule ule, Allan akiwa kiongozi, Sosthène aliteguka kifundo cha mguu mlimani. Allan alimwambia akae, wangempitia wakati wa kushuka. Kisha wakashukia njia nyingine, eti ina mandhari nzuri zaidi. Waliokuwa gari la kwanza walidhani yuko gari la pili, na wa gari la pili walidhani yuko la kwanza. Upungufu huo uligunduliwa mkahawani, chakula kilipoletwa kikazidi sahani moja.

Sosthène, peke yake kati ya mipungate na jua likielekea kuzama, hakumpigia Allan. Alimpigia Bi Ephrasia, aliyekuwa kituo cha basi Minneapolis, theluji ikimwangukia.

"Mama, niko miye peke yangu," alimwambia. "Bote bamekwenda."

Bi Ephrasia alimuuliza anaona nini kila upande, akawapigia waokoaji wa kule na kuwaeleza, kisha akampigia tena Sosthène na kumgombeza bila kukoma, ili asipate nafasi ya kuogopa. Walimpata kabla giza halijakolea.

Tulikwenda kwake kumwomba arudi, tukiwa wapole ghafla. Alitoa sharti moja. Tulidhani atataka Allan afukuzwe. Alitaka Allan atembee mwisho wa mstari, nyuma ya mtu aliye mzito wa mwendo kuliko wote, kila safari. Msimu wa kwanza Allan alinuna. Wa pili alianza kuwabebea watu mifuko. Siku hizi anajua wajukuu wa wanachama wazito kwa majina yao.

Mwezi uliopita tulimuuliza Bi Ephrasia nani amrithi, akamtaja Allan. Ukumbi ulichafuka. Allan mwenyewe aliinama, akasema hastahili. Bi Ephrasia alisubiri kelele ziishe.

"Huyu amewahi kumwacha mtu," alisema. "Nyinyi wengine bado mnadhani hamwezi kufanya hivyo."

Mkono wa kwanza kuunga mkono ulikuwa wa Sosthène.

Bi Ephrasia, asante kwa vilele vyote ulivyotunyima tukarudi nyumbani wazima. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na zamu, na makazi mahali tambarare.

Brigitha, katibu wa klabu