Kidole Kwanza, Amri Baadaye

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Mama Kadidja Lukumani anastaafu tarehe 30 Juni 1991. Siku hiyo ya uhuru wa nchi yetu aliichagua mwenyewe. Ofisi ilipendekeza Julai, yeye akaandika Juni.

Aliingia maabara ya hospitali yetu mwaka 1958, mji ukiitwa bado Stanleyville, akiwa msaidizi wa kupima damu. Uhuru ulipofika, mkuu wa maabara alimwagiza afunge mlango asiufungue tena, kisha akapanda ndege kurudi kwao Ulaya. Mama Kadidja aliufunga kweli, jioni. Asubuhi akaufungua, na wajawazito wa mtaa wa Mangobo wakakaa kwenye benchi lao kama kawaida.

Kazi yake tunaijua sote: tone la damu kutoka kidoleni, kipande cha karatasi nyeupe, na wekundu wake kulinganishwa na rangi za kipimo. Mwanamke aliyepungukiwa damu alitoka na vidonge vya madini ya chuma na amri ya kula pondu, yaani majani ya muhogo, na samaki. Mume aliyekuja kulalamika kwamba mke wake ni mvivu alichomwa kidole naye, karatasi mbili zikawekwa pamoja: ya bwana nyekundu kama mawese, ya bibi kama chai iliyoongezwa maji. Mabwana wengi walirudi nyumbani wamebeba ndoo wenyewe.

Mwaka 1964 waasi waliushika mji. Siku moja kamanda wao alileta majeruhi, akaona benchi limejaa wajawazito, akaamuru wote watolewe damu ya kuwaongezea watu wake. Yeye na wapiganaji wake walikatazwa kuguswa na mwanamke, dawa yao ya kujikinga na risasi isije ikaharibika, kwa hiyo kazi ilimwangukia Mama Kadidja. Akashika sindano, akanyoosha mkono.

"Bon. Hapa damu ya mutu haitoke bila kupimwa," alimwambia. "Mwenye kuamuru ndiye anaanza. Mukubwa, leta kidole."

Kamanda alirudi nyuma hadi mlangoni. Bunduki alikuwa nayo, lakini kidole hakukitoa. Akiwa amesimama hukohuko, Mama aliwapima wanawake mmoja mmoja, akiinua kila karatasi na kusema huyu hana ya kutoa, na huyu pia hana. Pengine karatasi mbili tatu zilikuwa nyekundu kuliko alivyosema, ila kamanda alikuwa mbali mno kuona. Karatasi ya mwisho haikuhitaji kutiwa chumvi, ilikuwa imepauka kweli.

"Ukitoa ya huyu, unaua watu wawili."

Mama akawarudisha wanawake wote nyumbani. Kisha akajipima mwenyewe, akaona inatosha, akamwambia muuguzi Benoît amtoe yeye damu kwa ajili ya majeruhi. Hata mwasi, alisema, ni mtoto wa mtu.

Tangu hapo hakuna mkurugenzi aliyekalia kiti cha hospitali hii kabla ya kumpa kidole. Wa sasa naye alitoa, ingawa alifumba macho.

Mwezi huu tumesikia minong'ono ofisini kwamba Mama akiondoka, kipimo cha wajawazito kinaweza kusubiri, maana kuna mambo makubwa zaidi. Sisi wa maabara tunajibu hapa, mbele ya wageni wote: hakitasubiri. Yule mwanamke wa karatasi ya mwisho anaitwa Colette. Alikula vidonge, akala pondu mpaka akaichukia, akajifungua salama. Mtoto huyo ni mimi, Désiré, ninayeandika haya.

Asante, Mama Kadidja. Pumzika Mangobo, ule samaki wa wavuvi wetu Wagenia bila haraka, na wajukuu wako wakuzunguke kwa miaka mingi yenye heri. Ufunguo umetuachia. Jumatatu asubuhi tunafungua, na anayetaka kutuzuia alete kidole kwanza.