Tata Numbi na Alama ya Mpira kwenye Udongo Mwekundu

Tata Henri Numbi Kalenga, ambaye leo tunamsindikiza hapa Kolwezi, alizaliwa Lubudi tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa Tata Kalenga, fundi wa reli, na Mama Laurentine, mkulima wa mahindi.

Alisoma shule ya msingi Lubudi. Mwaka 1971 alikuja Kolwezi kusomea ualimu, akapata diploma mwezi Julai 1977. Huko ndiko alikoshika raketi kwa mara ya kwanza, ya kuazima, yenye nyuzi mbili zilizokatika.

Kwa miaka thelathini alifundisha mazoezi ya mwili, na tangu 1986 akawa pia kocha wa tenisi katika klabu ya wafanyakazi wa mgodi. Uwanja wake ulikuwa wa udongo mwekundu uliochanganywa na matofali yaliyosagwa. Mpira ukianguka juu yake, huacha alama. Kila mchezo ulipokwisha, aliufagia mwenyewe. Wastaafu wa mgodi waliobanwa vifua kwa vumbi aliwatembeza asubuhi kuuzunguka uwanja huo, polepole, akiwauliza habari za wajukuu ili wasihesabu mizunguko. Mwaka 2009 alianzisha mafunzo ya Jumamosi, ambamo watoto wa makarani na watoto wa wachimbaji walicheza pamoja bila kulipa.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Godelieve Mushiya. Mungu aliwajalia Mignonne, Kyungu na Honorine.

Familia imeomba jambo moja lisiachwe. Tarehe 16 Juni 2012, katika fainali ya watoto, Honorine alicheza na Shekina, binti wa mchimbaji wa upande wa mgodi wa Mashamba. Tata Numbi alikuwa mwamuzi. Mpira wa mwisho wa Shekina ulianguka karibu na mstari. Tata Numbi, bila kushuka kwenye kiti cha mwamuzi, akasema umetoka. Honorine akapewa kombe. Watu walipoondoka, Tata Numbi alishika ufagio, na ufagio ukasimama: alama ilikuwa ndani ya mstari.

Kesho yake, baada ya misa, alikwenda kwa akina Shekina pamoja na Honorine, aliyebeba kombe huku amenuna.

"Shekina, mupira yako ilikuwa mu ndani. Mi njo nilikosa," akakiri Tata Numbi.

Mama wa mtoto alicheka. "Tata, njo ile tu imekuleta mpaka huku?"

"Mama, mutoto alishinda, mi nikamukatalia mbele ya batu. Ile haiko kidogo."

Tangu siku hiyo hakuamua mpira wa shaka bila kushuka kuitazama alama.

Novemba 2023 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Aliyavumilia maumivu kwa upole, ila wasiwasi mmoja haukumwacha: kwamba Jumamosi za watoto zingekufa pamoja naye. Shekina, ambaye sasa ni mwalimu, alikuwa akimsaidia; lakini Tata Numbi aliogopa kumtwisha mtu mzigo kwa kumwomba, naye Shekina aliona haya kukalia kiti cha mwalimu wake bila kuombwa. Hivyo wote wawili walinyamaza karibu miaka miwili.

Jumamosi tarehe 2 Agosti 2025, aliomba apelekwe uwanjani. Akaketi kivulini karibu na mkewe, na Shekina akawa mwamuzi. Mdogo wake Shekina alipiga mpira ukaanguka kwenye mstari wa nyuma.

"Iko mu ndani, yaya," akamwambia dada yake mkubwa.

Shekina alishuka, akainama, akatazama kwa muda. "Iko inje. Kuya uangalie mwenyewe."

"Hata ndugu yako?"

"Hata ndugu."

Mchezo ulipokwisha, Shekina alichukua ufagio bila kuambiwa na mtu. Tata Numbi alimtazama mpaka mstari wa mwisho.

"Mama Godelieve," akasema, "turudi ku nyumba. Mi nimechoka muzuri."

Hakuuliza tena habari za Jumamosi. Alifariki dunia kwa utulivu tarehe 9 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, watoto wakiwa uwanjani.

Ameacha mjane, Mama Godelieve, watoto wake Mignonne, Kyungu na Honorine, wajukuu sita, dada yake, Mama Kabamba wa Lubudi, na Shekina, ambaye familia imetaka atajwe hapa pamoja na watoto.

Uwanja umefagiwa, Tata. Bwana akupe pumziko lake la amani.