Fundi Aliyeulizwa Makaburi Yalipo

Mzee wetu, ambaye nusu ya mliokaa hapa mlimwita Fundi na nusu nyingine Komanda, alizaliwa tarehe 9 Februari 1948 katika hospitali ya misheni, mtoto wa nne kati ya saba. Mama yake alisimulia kwamba hakulia alipozaliwa. Alimtazama mkunga kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akarudia. Mkunga akasema, "Huyu mtoto ananipima." Familia imeitunza kauli hiyo kama utabiri, ingawa wakunga husema mengi na hukumbukwa kwa moja.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956 na kuimaliza bila kishindo. Ripoti zake zote zilikuwa na maneno yaleyale: "Mpole mno." Katika igizo la kufunga shule alipewa kazi ya kuvuta pazia, akasahau kulivuta, na kipaji chake cha uigizaji kikalala hapo kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1964 alijiunga na chuo cha ufundi, idara ya ushonaji. Alitoka na cheti cha daraja la pili na mazoea ya kutembea na futi ya kupimia shingoni, hata kanisani.

Tarehe 14 Aprili 1973 alifunga ndoa na mkewe, muuguzi, ambaye alikuja dukani kupunguziwa sketi. Sketi hiyo ilirudi dukani mara tatu. Shangazi mmoja alipouliza ni kitambaa gani hicho kisichosikia mkasi, wakaona bora waoane. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja karibu na stendi: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo chenye ufa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1983, alishona sare za pande zote mbili, kwa kuwa pande zote mbili zilikuja na bunduki na hakuna upande uliokuja kuomba ushauri. Alikuwa akisema kwamba tofauti pekee aliyoiona kati yao ni mifuko: hawa waliitaka yenye kifuniko, wale bila. Nyumbani hakuweza kuchinja kuku. Kazi hiyo aliifanya mkewe, na yeye alitoka nje hadi iishe.

Mwaka 1996, miaka sita baada ya bunduki kunyamaza, mwongozaji wa filamu aliingia dukani kuagiza sare. Alikuwa anatengeneza filamu kuhusu komanda aliyechukua vijana wa kijiji kimoja cha juu ya mto, wasionekane tena. Sare zilipokamilika, mwigizaji aliyepangiwa ukomanda hakuweza kufunga vifungo; tangu apimwe alikuwa amekula vizuri. Akadai sare imekosewa. Mzee wetu, ambaye matusi yote aliyavumilia isipokuwa hilo, aliivaa mwenyewe ili kuonyesha kwamba sare haina kosa. Kisha akamtazama yule mwigizaji, bega hadi bega.

Mwigizaji akarudi nyuma hatua moja.

"Fundi," mwongozaji akasema, "hebu mtazame tena hivyo."

"Nimetazama bega tu. Limeshuka kidogo upande wa kushoto."

"Hivyohivyo. Usikasirike, usipaze sauti. Tutazame kama unatupima nguo."

Ndivyo alivyopewa ukomanda. Makomanda wengine wa sinema hufoka na kufyatua risasi hewani. Yeye alipita mbele ya vijana waliopangwa darajani, akawatazama mmoja mmoja kama mtu anayekadiria kitambaa, akatikisa kichwa kidogo, na wakatupwa mtoni. Watu wazima walioiona filamu ile waliacha kupumua. Sisi tuliomjua, tuliokula naye asubuhi hiyohiyo, tuliogopa pia, na hadi leo hatujui jinsi ya kulieleza jambo hilo.

Mjini mambo yakabadilika. Watoto walivuka barabara wakimwona. Wateja wakaanza kuleta suruali kuukuu zitumike kama kipimo, ili wasiguswe. "Mume wangu amekuwa mkatili," mkewe alikuwa akiwaambia majirani, "juzi tu amelia kwa sababu paka anaumwa."

Filamu ikapelekwa kijiji kilekile cha juu ya mto, ikaonyeshwa kwenye shuka jeupe ukutani mwa shule. Mwongozaji alitaka waigizaji wawepo kujibu maswali. Ilipokwisha, mama mmoja alisimama, akapita katikati ya viti, akaja hadi alipokaa mzee wetu. Mama huyo alikuwa na wana watatu, na wote watatu walichukuliwa siku moja.

"Wanangu uliwaweka wapi?"

"Mama, mimi si yeye. Mimi ni fundi cherehani."

"Na fundi hajui alipoweka kitambaa cha mteja?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha. Mzee wetu akasema atauliza. Njiani kurudi, mkewe alimkabili: "Utauliza? Utamuuliza nani? Siku hiyo wewe ulikuwa dukani unashona mashati!" Akajibu kwamba hajui, ila mama yule asingeweza kuondoka na mikono mitupu.

Hakulazimika kwenda mbali. Komanda mwenyewe, wa kweli, alikuwa hai na mwenye afya. Sheria ya msamaha ilikuwa imemkinga kama ilivyowakinga wenzake, na sasa alikuwa anauza saruji na mabati. Aliiona filamu. Siku ya soko, mchana kweupe, akaingia dukani. Hakuwa amekuja kutisha mtu. Alikuwa amekuja kulalamika.

"Wewe ndiye unayejifanya mimi?"

"Ndimi, mkuu."

"Mmenikosea sana. Kwanza unatembea kama bata. Pili, mto! Nani aliyetupa watu mtoni? Mnanifanya nionekane mtu asiye na utaratibu."

Mkewe, aliyekuwa ameleta chakula, anasema alitamani ardhi ipasuke immeze yeye, mumewe na bakuli. Mzee wetu alichukua futi yake. "Simama, mkuu, nikupime suti," akasema, "huku unanisahihisha." Akamzunguka na pini mdomoni, akapima kifua, akapima mkono, na kwa sauti ileile anayoulizia watu kama wanataka mpasuko mmoja au miwili mgongoni mwa koti, akauliza: kama si mtoni, ni wapi?

"Nyuma ya tanuri la matofali. Kwa mstari, kwa mpangilio. Andikeni vizuri."

"Basi filamu ya pili tusikosee tena. Njoo utuonyeshe mwenyewe."

Na akaja. Hili ndilo ambalo sisi wa familia, wenye maneno mengi, bado hatujalipatia neno. Alikuja hadi pale tanurini amevaa suti mpya, akasimama mbele ya kamera ya mwongozaji, akawapanga watu. "Mimi nilisimama hapa. Wao pale. Hapana, rudi nyuma kidogo." Mara mbili alimsahihisha mpiga picha kuhusu mwanga. Alipomaliza, aliuliza kama sauti yake imetoka vizuri. Mtu ambaye tume mbili, maaskofu na mashirika yenye magari walishindwa kumsemesha, alisemeshwa na fundi aliyemruhusu arekebishe filamu. Msamaha ulimlinda na mahakama. Haukumlinda na wajukuu zake, ambao nao walitazama.

Wachimbaji walipoanza kazi nyuma ya tanuri, yule mama alikaa kando kwenye kigoda. Mfupa ulikuwa bado haujaonekana aliposema, "Polepole, baba zangu. Mmoja wao ni kitinda mimba." Waliokuwa na sepetu waliziweka chini, wakaendelea kwa mikono.

Walikuwepo. Wote watatu, na wenzao.

Siku ya kuwazika upya, mama alimwita mzee wetu, akamwambia aombe radhi. Komanda wa kweli alikuwa ameitwa, akakataa.

"Mama, unajua kwamba si mimi."

"Najua. Mimi si mjinga. Lakini yule sikumwona, nilikuwa nimejificha. Sura ninayoiota ni yako."

Mwongozaji alikuwa tayari amewasha kamera. Mzee wetu alivua koti, akaifunika. Ndiyo maana sehemu hiyo haimo katika filamu ya pili, na wahakiki wakaandika kwamba filamu inaisha ghafla. Alipiga magoti. Mkewe aliyasikia maneno yake: "Mama, niliwachukua. Sikuwarudisha. Nakuomba radhi." Hakusema "aliwachukua". Alisema "niliwachukua", na akalia kama mtu aliyefanya.

"Nimesikia," mama akasema. Hakusema amesamehe, na hakuna aliyemuuliza. Kisha akanyoosha mkono: "Haya, Fundi, nishike. Mteremko huu una kokoto."

Tangu hapo watu wa vijiji vingine walikuja dukani na majina, na yeye akaendelea kuwauliza wanaume wa umri fulani, kwa adabu, akiwapima suti. Wengine walisema. Wengine waliziacha suti zao.

Mwaka 2019 figo zilianza kumsumbua. Alilazwa mara kadhaa, na wauguzi vijana walimwambia, "Komanda, geuka tukuchome," naye akageuka. Yule mama alikuja kumwona kila mwezi, akiwa na umri unaozidi wa wote wodini, akakaa bila kusema mengi. Mzee wetu alituacha tarehe 2 Juni 2021, saa nne asubuhi, akiwa amemshika mkewe mkono.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na mama mwenye wana watatu, aliyekaa nasi mstari wa mbele. Mama huyo ameiomba familia isome jambo moja kwa sauti, asibaki mtu wa kuuliza. Tunalisoma: kaburi la mzee wetu liko katika makaburi haya ya mjini, mstari wa nne kutoka lango kuu, upande wa kushoto wa njia, la pili baada ya mkaratusi.

Apumzike kwa amani, mahali tunapopajua.