Chacha Magaigwa, Dereva wa Basi Lisilo na Magurudumu

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, kwenye saluni za mjini, kwenye maduka ya simu, huko sokoni Warwick mkiwa mmeinamia mizigo, punguzeni kelele kidogo. Chacha Magaigwa ametuacha. Mwanariadha wa Kenya, dereva wetu wa basi, amefariki hapa Durban, nyumbani kwake Berea, alfajiri ya Jumanne. Moyo ulisimama. Ndicho kitu pekee katika mtu yule kilichowahi kusimama.

Alizaliwa Kehancha, Ukuria, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Kaka yake, Mwita, ameniambia kwa simu: "Mama akimtuma chumvi, anarudi kabla hajamaliza kumwambia asichelewe." Mwita ni mzee wa kanisa, hasemi uongo. Mimi naongeza tu kwamba siku nyingine alirudi na chumvi, na duka lilikuwa bado halijafunguliwa.

Alianzia mbio za nyika. Matope, mitaro, vilima, baridi ya asubuhi. Akavaa jezi ya Kenya, na wanasema vumbi lake lilifika uwanjani kesho yake. Kisha akapata kazi ya sungura. Sungura, wasikilizaji, ni mweka kasi. Analipwa aongoze marathoni, awavute mabingwa, na kwenye kilomita ya thelathini ajitoe pembeni. Ndiyo kazi. Narudia: Chacha aliongoza marathoni nyingi, na hakumaliza hata moja.

Kehancha walijazana mbele ya televisheni. Wanamwona yuko mbele. Vigelegele! Ghafla hayupo. Majirani wakamwambia mama yake, "Mwanao anakimbia nusu." Mama akapiga simu: "Chacha, hao watu wanakupeleka wapi katikati ya njia?" Akamweleza kazi yake. Mama hakuielewa. Mpaka anafariki alikuwa akiuliza jambo moja: utamaliza lini? Swali hilo lilimkaa Chacha kama kokoto kwenye kiatu.

Durban alikuja kama sungura. Akajitoa pembeni kama kawaida, akarudi mjini kwa miguu, na pale Warwick akanusa ndagala, wale dagaa wakavu wa Burundi. Muuzaji alikuwa Goreth, Mrundi, mama mwenye ulimi mkali. Chacha hakuondoka tena. Akakaa, ingawa kukaa ni neno kubwa. Goreth anasema: "Hata kwenye harusi yetu pasta alimwambia, bwana harusi, tafadhali, simama mahali pamoja."

Usungura ulipoisha, akaanzisha basi. Mnajua mbio ndefu za hapa kwetu. Basi ni kundi la watu wa kawaida wanaomfuata mmoja anayejua mwendo, wakiimba, ili wafike kabla bunduki ya kufunga mbio haijalia; ikilia hujavuka mstari, huhesabiwi. Huyo mmoja ndiye dereva. Basi la Chacha lilikuwa letu: wasusi, wachuuzi, Désiré kinyozi na tumbo lake. Goreth alikuwa kiti cha mbele.

Mwaka wa kwanza, kilomita ya thelathini, miguu ya Chacha ikakumbuka kazi ya zamani. Akajitoa pembeni. Na basi zima likamfuata hadi majanini!

"Dereva," Désiré akauliza, "tunashukia hapa? Mbona iko majani tu?"

"Rudi barabarani, Papa Ineza!" Goreth akamfokea mumewe kwa jina la binti yao. "Nani amekulipa leo?"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Kunyanyuka ikawa kazi. Bunduki ililia wakiwa bado nje ya uwanja. Eish. Wengine walicheka wiki nzima. Chacha hakucheka. Usiku alikuwa akizunguka meza.

Mwaka huu, walipokaribia thelathini, Goreth aliishika jezi yake. Hakuiachia. "Yeye anavuta kushoto, mimi navuta kulia," anasema, "kama mbuzi wa sokoni." Wakaingia uwanjani. Basi lote likavuka mstari. Chacha akabaki hatua chache nyuma, anarukaruka palepale, kama mtu aliyefika kwenye mlango asioujua. Mwenye bunduki alishainua mkono.

Goreth akamwambia taratibu, "Mama yako anaangalia."

Akavuka. Bunduki ikalia mgongoni mwake. Watu wakamkumbatia, wakamlilia, na yeye akamgeukia mkewe: "Sasa tunaenda wapi?"

Goreth, binti yenu Ineza, kaka Mwita na Kehancha yote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nasi tuliobaki, kila mmoja ana kilomita yake ya thelathini, pale miguu inapozoea kutoka barabarani. Jiulize yako iko wapi. Na kama kuna mtu ameishika jezi yako, usimkasirikie.

Jumamosi basi litambeba dereva wake mabegani, kutoka Warwick, kupanda mlima hadi kanisani Berea. Goreth ameomba mwendo wa polepole. Désiré, kaka yangu, wewe uko mbele. Shika vizuri. Ukimsikia anavuta kuelekea majanini, usishuke.