Mwalimu Sally Jebet na Darasa la Kuhifadhi Sauti

Wapendwa waombolezaji, wachungaji, wazee wa Kalobeyei, majirani wa Lodwar na wa Kakuma, ejok, hamjambo, amani ya Mungu ikae nasi chini ya jua hili, familia imetutuma tuwasomee maisha ya dada yetu, naye mwenyewe aliagiza tusimpake asali, tuseme alivyotenda mema na alivyokosa, kwa maana Mungu tayari anajua.

Mwalimu Sally Jebet alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Kapedo, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Chebii aliyekuwa na duka la unga na chumvi, na kwa kuwa wateja wa baba walikuwa Wapokot na Waturkana, alijua kubishania bei kwa lugha tatu kabla hajajua kuandika jina lake. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, masomo yakikatizwa kila mifugo ilipoibwa na risasi zikalia, akamaliza sekondari Kabarnet mwaka 1989, kisha akasomea ualimu wa historia na Kiswahili. Mwaka 1994 alitumwa kufundisha Lodwar, akashuka kwenye gari analia kwa joto, akaapa kwamba Krismasi ikifika ataomba uhamisho, na Krismasi zikaja zikapita hadi nywele zikageuka mvi.

Tarehe 5 Desemba 1998 alifunga ndoa takatifu na Bwana Josiah Kamande, mzaliwa wa Nyeri, muuza mabati na misumari pale Kakuma, na Mungu akawajalia Mugure na Byron. Mwaka 2015 kaunti ilimchukua katika ofisi ya utamaduni, na hapo ndipo lilipomwingia wazo ambalo halikumwachia usingizi, kwamba walimu na watafiti wetu wa historia, lugha na fasihi wana maarifa kichwani na kaseti zilizoliwa na vumbi, lakini hakuna aliyewafundisha kurekodi vizuri, kuandika sauti kwenye kompyuta, kuchora ramani ya majina ya mahali, wala kuhifadhi kazi isipotee. Aliomba ufadhili miaka mingi akinyimwa, wakimwambia Turkana inahitaji visima, naye akiwajibu kwamba hata mwenye kiu ana babu. Nyumbani Kamande alilalamika, "Mama Mugure, mimi ni bwana yako ama ni mgeni wa hiyo laptop?" naye akamjibu bila kuinua macho, "Laptop haikoromi, Baba Mugure."

Mwaka 2022 shirika moja la ng'ambo, kupitia mratibu wake Bwana Adolphe, lilikubali kugharimia mafunzo kwa mwaka mmoja, wanafunzi wakatoka Lodwar na wengine kambini Kakuma, akiwemo Makuei, ndugu yetu wa Sudan Kusini aliyesomea fasihi Juba kabla vita havijamfukuza. Fedha za awamu ya pili zilitegemea wakubwa wa Bwana Adolphe waone matunda, na dada yetu, tuseme ukweli, matunda aliyataka haraka.

Mzee Lochakapong wa Kalobeyei alikuwa amemwimbia wimbo wa ng'ombe wake dume anayempenda, ili mwalimu ajifunze maneno, akaruhusu mashine isikilize asije akasahau. Sote tunaoishi hapa tunajua kwamba wimbo kama huo una mwenyewe kama ng'ombe alivyo na mwenyewe, huuimba anapotaka, mbele ya amtakaye. Dada yetu alilijua hilo, lakini akajiambia kwamba kuruhusu kurekodi ni kuruhusu yote, akauweka wimbo kwenye tovuti, na siku ya sherehe ya kufunga mwaka, Novemba 2023 hapo Lodwar, akaufungulia kwenye spika mbele ya wageni, mzee mwenyewe akiwa ameketi safu ya kwanza. Vijana wa nyuma walianza kuruka na kucheka, na mzee akasimama.

"Mwalimu, nani amefungulia hawa ng'ombe yangu?"

"Mzee, ni kukuheshimu."

"Heshima inapiga hodi."

Akatoka, wazee wote wakamfuata, viti vya mbele vikabaki vitupu. Makuei alimwambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hata sisi kwetu Bor ni hivyo hivyo, ungeniuliza tu."

Wiki hiyo vijana wa Kalobeyei wenye fimbo walisimama langoni mwa darasa, na hakuna mzee aliyekubali tena kuketi na wanafunzi. Mzee Lochakapong alituma neno wimbo utolewe kwenye tovuti, na dada yetu akamjibu kwamba netiwaki imepotea, na netiwaki haikuwa imepotea, alikuwa anangoja wakubwa wa Bwana Adolphe waketi wapitishe fedha kwanza. Jambo hili mzee analisikia leo kwa mara ya kwanza, pamoja nasi. Jumapili moja ya Desemba kikombe cha Meza ya Bwana kilimfikia, akakipitisha bila kunywa, mume wake akamwuliza amekosana na nani, naye akamweleza yote, na kesho yake akaufuta wimbo na kumpigia Bwana Adolphe.

"Madam, bila huo wimbo kwenye tovuti nitawatetea na nini?"

"Si kwa kitu cha wizi, Adolphe."

Fedha hazikuja, darasa likafungwa, mashine zikafungiwa stoo ya kanisa Kakuma. Alikwenda Kalobeyei na mbuzi, akapiga magoti, akaomba msamaha wa spika na akapewa, lakini uongo wa netiwaki hakuutaja.

Mei 2024 alianza kuumwa tumbo, na huko Eldoret ikagunduliwa kuwa ni saratani ya kongosho. Januari mwaka huu Mzee Lochakapong alikuja hospitalini Lodwar, akasema wazee watarudi kufundisha, ila wanafunzi wajifunze kuomba kabla ya kurekodi, na wimbo usikilizwe darasani mwenyewe akiwepo. Bwana Adolphe alipopata habari hiyo aliwaendea wakubwa wake, wakakubali kufadhili awamu ya pili mradi wazee wasimame na neno lao. Dada yetu alifurahi, kisha akalia, "Amekubali kwa sababu hajui." Kamande alimsihi, "Mwache mzee hivyo, darasa lifunguliwe kwanza," naye akajibu, "Basi somo la kwanza litakuwa uongo." Hakuwa tena na nguvu za kufika Kalobeyei, akatuagiza tuseme hapa, akalala katika Bwana Jumapili tarehe 9 Februari 2025, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Lodwar na Eldoret waliompunguzia maumivu, majirani waliotupikia na kutuchotea maji, wenzake wa ofisi ya utamaduni, na waumini wa Kakuma waliokesha wakiomba, na kama tumemsahau mtu, atusamehe.

Na wewe, Mzee Lochakapong, tunakushukuru umekuja na wazee wako, umesikia aliyoyaficha, Bwana Adolphe naye ameyasikia, na Makuei na wenzake wamekaa hapo nyuma hawajui kama kuna darasa au hakuna. Alitukataza kukubembeleza, na alitukataza kulitumia hili jeneza kukushawishi. Ukisema ndiyo, useme ukijua yote, na ukisema hapana, hakuna mtoto wa nyumba hii atakayekununia.

Pumzika kwa amani, dada yetu, ulichodaiwa kusema kimesemwa, na sasa tunamngoja mzee.