Faili Lililojaa Bei za Dunia Nzima

Wenzangu, leo ni zamu yangu ya kusimulia. Kiswahili changu cha Kigoma mtakivumilia kama mnavyouvumilia wali wangu.

Marehemu mume wangu alikuwa akifanya biashara ya fedha za kigeni kwenye kompyuta, pale pale sebuleni. Alikimbia vita tangu utotoni, na aliyekimbia hatupi kitu. Akaiacha programu yake ihifadhi bei za kila soko duniani, hata za nchi asizojua ziko wapi. Na juu ya chati aliniandikia maneno ya kunifundisha: "Hapa subiri." "Hapa nilikurupuka." Bei na maneno, vyote katika faili moja.

Alipofariki nikaendelea na kazi yake nikiyafuata maneno hayo. Ndugu zangu, nawaambia, ndiyo yaliyonishika mkono. Lakini faili likazidi kuvimba, kompyuta ikajaa, programu ikagoma kufunguka. Fundi mmoja akaniambia, "Mama, futa lote uanze upya." Nikakusanya nyaya zangu nikarudi nyumbani. Nianze upya mara ngapi?

Ndipo wifi yangu wa Goma, anayejua mambo hayo, akavuka mpaka pale Petite Barrière kuja kwangu, na diski ya nje kwenye kikapu, chini ya mboga. Akanakili faili zima humo mlimokuwa na nafasi, akaifungulia programu nakala ile, akanikalisha kitini. "Futa we mwenyewe."

Kila soko nililofuta niliona namfuta yeye. Nilipomaliza yote tusiyoyagusa kamwe, nikatazama ukubwa wa faili. Haukupungua hata chembe! Nikaangua kilio.

"Bon, usilie," akasema. "Umefuta vitu, lakini fasi yake iko bado mule ndani, tupu. Sasa tutaibana."

Akabonyeza. Programu ikaanza kuandika faili jipya, ikichukua kilicho hai tu na kuacha mapengo. Wenzangu, lile jitu lililoshinda kompyuta nzima lilitoka dogo, lingeenea hata kwenye simu yangu hii. Nikalifungua, nikaenda kwenye chati ya mwisho aliyoigusa. Maneno yake yalikuwepo, herufi kwa herufi: "Leo usinunue, usiuze. Chemsha chai, uniite."

Vyote vile vimeondoka, na yeye hajapungua!

Namshukuru wifi yangu. Nawashukuru ninyi mlionilelea watoto nilipokuwa sisemi na mtu. Nilichojifunza ni hiki: nilidhani nikitoa chochote chake nimemtupa mwenyewe, kumbe nilikuwa nalinda mapengo. Wiki ile ile nikafungua kabati lake la nguo. Koti alilovaa mzee anayetulindia mlango, mkilitazama vizuri, ndilo lile.

Basi, chai nimeshachemsha. Mwiteni mzee aingie anywe nasi.