Siku za Shule Halizimi

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa duka la vipuri lililofungwa zamani. Mimi ndiye muuza kahawa. Wateja wangu wa kudumu ni wawili: Breki, mzee aliyeendesha malori miaka thelathini mpaka mgongo ukamkatalia, na Spana, aliyekaa gereji miezi mitatu akatoka na jina tu. Asubuhi hiyo, yapata saa tatu, hata maneno yalikuwa mazito midomoni. Ndipo gari dogo la Mwalimu likaja likipanda kilima huku likikohoa, likatoa mvuke kama birika, likazima mbele yetu. Kiti cha mbele alikaa mama yake mzazi. Mtoto wa jicho alikuwa amemla jicho la kulia, la kushoto nalo likiona ukungu tu, na siku hiyo alikuwa na miadi ya kupasuliwa kabla ya saa sita. Ilikuwa miadi ya tatu. Zile mbili za mwanzo, gari liliwaacha njiani.

Mwalimu akafungua boneti, akaja kujitupa kwenye benchi bila hata salamu.

— Limechemsha.

— Tumeona, Breki akajibu. Karibu kahawa.

Spana alikuwa keshaingiza kichwa kwenye injini.

— Hizi ni ringi za pistoni. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hapa pete zimekwisha, vidole viko uchi.

— Ringi zikiisha unaona moshi, wewe. Huu ni mvuke. Gasketi imeungua. Na maji yakimwagika hayazoleki, ndiyo maana mimi lori langu nililitia mafuta kwenye radieta.

— Likatembea?

— Likasimama vizuri sana.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alikuwa akitazama viatu vyake.

— Au themostati, Spana akasema.

— Si uliitoa mwenyewe mwaka jana? Breki akauliza. Iko wapi?

— Watoto wanachezea. Basi tupasulie yai kwenye radieta, lizibe tundu. Nimeona gari likitembea mwezi mzima kwa mayai mawili.

— Halikuanza kutaga?

— Cheka tu. Hili gari ni la kuunga. Mbele ni gari jingine, nyuma jingine. Likifika mlimani, nyuma inakumbuka kwao, inavuta kurudi. Injini inachoka kuamua ugomvi. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime!

— Jembe la nini hapa?

— Methali haiulizwi, mzee.

Breki akapuliza kikombe chake.

— Si kuunga. Ni hofu. Gari linajua linakokwenda. Lori langu likikaribia mizani ya kupimia mizigo lilikuwa linatetemeka magurudumu yote kumi. Na hili limesikia harufu ya hospitali.

Mlango wa gari ukafunguliwa. Mama akashuka, akalipapasa gari kwa kiganja mpaka akatufikia. Tukasimama sote.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Nimewasikiliza, mna elimu. Sasa niambieni mimi nisiyejua magari. Huyu anaenda nalo shule siku tano kwa wiki, anapanda kilima hikihiki. Mbona siku za shule halizimi?

Spana akamtazama Breki. Breki akatazama ndani ya kikombe. Mimi nikafuta vikombe vilivyokuwa safi.

— Linavuja, mama, Mwalimu akasema hatimaye. Mpira wa chini wa radieta umechanika. Kila asubuhi kabla ya shule naongeza lita mbili za maji. Leo sikuongeza.

— Ulisahau?

— Hapana.

— Na zile siku mbili?

— Ya kwanza lilikufa lenyewe, nikajikuta nimepumua. Ya pili nililegeza waya wa betri.

Mama akakaa kwenye benchi polepole. Mwalimu alibaki amesimama.

— Baba aliingia chumba kile cha upasuaji kwa ngiri tu. Ngiri, mama! Akanipa saa yake nimshikie, mpaka leo ninayo.

— Najua. Nilikuwa nimekaa ubavuni pako. Hata mimi naogopa, mwanangu. Lakini juzi nimeziamkia nguo za jirani kwenye kamba, nikangoja zijibu. Nimechoka kupapasa.

Mwalimu akafunika uso kwa mikono miwili. Mama akamtafuta bega, akampata, akaacha mkono wake hapo.

Breki, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakutaja lori lake. Alichukua dumu akaenda bombani na mgongo wake ule. Spana akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akauzungushia mpira uliochanika, akakaza kwa waya. Tukangoja injini ipoe, kisha tukamimina maji taratibu. Saa nne na robo gari likawaka. Mwalimu aliondoka kakamata usukani kwa mikono yote miwili, kama mtu anayejifunza kuendesha.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Breki hakwenda nyumbani kula, wala Spana. Kila gari likipita, sote tuligeuza shingo.

Saa kumi gari likatokea, likasimama palepale. Mama alikuwa na pamba nyeupe jichoni. Shati la Mwalimu lilikuwa limelowa jasho mgongo mzima. Spana akaruka na waya wake mkononi.

— Limezima tena?

— Hapana, Mwalimu akasema. Nimelizima mwenyewe. Mama anataka kahawa.

Birika lilikuwa tupu tangu saa nane. Nikawasha jiko upya.